Georgia na Robo ya Kwanza



Jumamosi ya mechi, kati ya mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na moja, mji wa Athens katika jimbo la Georgia, Marekani, huwa mwekundu mtaa kwa mtaa. Zaidi ya watu 93,000 huingia Uwanja wa Sanford kuwatazama vijana wa Chuo Kikuu cha Georgia, Bulldogs kwa jina lao, wakicheza futiboli ya Kimarekani. Na misimu hii ya karibuni, kabla hata jasho halijawatoka wachezaji, shabiki humgeukia aliyekaa naye na kusema maneno yale yale: tumeanza tena. Ubao unaonyesha saba kwa bila, na waliofunga ni wageni.

Malalamiko hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo, na siyaleti kwenu kama habari ya ugenini. Wenzetu wengi wanaishi katika jimbo hilo. Wako Wakenya wa Marietta na vitongoji vingine vya Atlanta, wako Wakongo waliofika Clarkston kama wakimbizi na kuanza maisha upya. Chuo Kikuu cha Georgia chenyewe kinafundisha Kiswahili. Nanyi mlio huku Afrika Mashariki mnaoufuatilia mchezo huu, mnazijua gharama zake: mechi ya saa tisa na nusu alasiri kule Athens huku kwetu ni saa nne na nusu usiku, na ile ya jioni inaanza saa nane na nusu, wakati nyumba nzima imelala. Anayekesha hivyo halafu akaiona timu yake inasinzia robo nzima ya kwanza, ana haki ya kunung'unika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mashabiki hawa wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Ila wanapoulizwa chanzo cha tatizo ni nini, wengi wao wanaelekeza kidole mahali pasipohusika, na wanaoumizwa na kidole hicho ni vijana wadogo.

Kwa msioufahamu mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Kila upande una wachezaji 11. Mechi ni dakika 60, robo nne za dakika 15. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikizipata, hupewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho, ambako wenyewe wanakuita tachidauni, ni pointi sita na nafasi ya kuongeza moja au mbili. Kuupiga kwa mguu ukapita katikati ya nguzo ni pointi tatu. Sasa shikeni hesabu hii, maana nitaihitaji baadaye: katika mechi nzima timu hupata zamu za kushambulia kama 12 hivi. Ndiyo kusema robo ya kwanza ni zamu tatu, na siku nyingine mbili tu.

Tuwasikilize kwanza walalamikaji, kwa sababu ushahidi wanao.

Mwaka 2023 Georgia waliingia msimu wakiwa mabingwa wa taifa mara mbili mfululizo, wa msimu wa 2021 na wa 2022. South Carolina wakaja Athens, na hadi mapumziko walikuwa mbele 14 kwa 3. Georgia wakapindua matokeo, wakashinda 24 kwa 14. Wiki mbili baadaye wakaenda Auburn, wakajikuta nyuma 10 kwa bila, wakashinda kwa taabu 27 kwa 20. Msimu huo ndipo mazungumzo ya kuchelewa kuamka yalipokolea, na hayajapoa hadi leo.

Kisha ikaja tarehe 28 Septemba 2024, mjini Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama. Hiyo ndiyo mechi ambayo shabiki wa Georgia akiikumbuka tumbo humchafuka. Alabama walifunga, wakafunga tena, wakafunga tena, hata ikawa 28 kwa bila. Mapumziko yalipofika ilikuwa 30 kwa 7. Watu wengi huko Georgia walizima televisheni wakaenda kulala, na waliozima wakakosa moja ya nusu za pili za ajabu kuliko zote za mchezo huu. Kidogo kidogo Georgia wakaukata ule mlima, hadi zikiwa zimebaki dakika mbili na ushee wakaongoza 34 kwa 33. Mlima wa pointi 28 umekwisha! Na katika jaribio la kwanza kabisa lililofuata, kijana wa Alabama anayeitwa Ryan Williams, mwenye umri wa miaka 17, akaupokea mpira pembeni, akazunguka walinzi, akakimbia hadi mwisho. Yadi 75. Georgia walikuwa bado na muda, wakasogea tena mpaka karibu na mstari, na pasi yao ya mwisho ikanaswa na mlinzi wa Alabama, Zabien Brown. Mechi ikaisha 41 kwa 34.

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Novemba, wapinzani wao wa jadi wa jimboni, Georgia Tech, walikuja Athens. Mapumziko yalifika Georgia wakiwa nyuma 17 kwa bila, uwanjani kwao, mbele ya watu wao. Walisawazisha dakika za mwisho wa robo ya nne, wakaenda muda wa nyongeza, na nyongeza hizo zikafika nane. Nane! Wakashinda 44 kwa 42. Mwaka 2025 hali haikubadilika sana: walikwenda Knoxville, Tennessee wakawatangulia 21 kwa 7 katika robo ya kwanza peke yake, Georgia wakashinda 44 kwa 41 katika muda wa nyongeza. Mwezi uliofuata Auburn wakawatangulia 10 kwa bila, Georgia wakashinda 20 kwa 10.

Mtu akiisikia orodha hiyo kwa mara ya kwanza hushtuka, na mimi sishangai. Lakini isikilizeni tena. Katika mechi hizo sita, Georgia walishindwa moja. Ndiyo maana wasiwasi wa mashabiki hawa ni wa namna ya peke yake: ni wasiwasi wa watu wanaoshinda. Shabiki wa timu dhaifu huomba muujiza. Shabiki wa Georgia anahofia siku ambayo muujiza hautatokea, kwa sababu ameshauona mara nyingi mno na anaamini kuna siku utakwisha.

Na hofu hiyo ina historia, historia ambayo sisi watu wa redio tunapaswa kuisimulia kwa fahari. Kuanzia mwaka 1966 hadi 2008, sauti ya futiboli ya Georgia ilikuwa mtangazaji mmoja, Larry Munson, mzaliwa wa Minneapolis kaskazini kabisa mwa nchi, ambaye hakuwahi kuficha upande wake. Munson hakutangaza kama hakimu. Alitangaza kama shabiki aliyepewa kipaza sauti. Timu ikiwa mbele kwa pointi 10, yeye alikuwa anaona mawingu. Mpinzani akiwa dhaifu, yeye alikuwa akieleza jinsi walivyo wakubwa, walivyo wepesi, na jinsi saa inavyokwenda polepole. Familia nyingi za Georgia zilikuwa na desturi ya kupunguza sauti ya televisheni na kufungulia redio, ili waone kwa macho yao na wahofu kwa sauti ya Munson. Alifariki mwaka 2011, na bado wazee wa kule wanaweza kukurudishia matangazo yake neno kwa neno.

Munson aliwafundisha watu wa Georgia kwamba kuhofu ni sehemu ya kupenda, na kwamba asiye na wasiwasi na timu yake huenda timu hiyo haimhusu sana. Nami nakubaliana naye. Sijawahi kumwamini shabiki anayetulia tuli wakati timu yake iko nyuma.

Tena mwanzo mbaya umo ndani ya msimu wanaoupenda kuliko yote. Tarehe 6 Septemba 1980, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Georgia wa kocha Vince Dooley walikwenda Knoxville, kule kule Tennessee. Wakawa nyuma 15 kwa bila. Mashambulizi yao yalikuwa yamekufa. Benchi lilikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakupewa nafasi ya kuanza, jina lake Herschel Walker. Dooley akamwingiza. Kwanza Georgia walipata pointi mbili za ulinzi, kisha Walker akavusha mpira mara mbili, na ya kwanza kati ya hizo alimpitia mlinzi Bill Bates juu juu, akamwacha chali. Georgia 16, Tennessee 15. Timu hiyo haikupoteza mechi hata moja msimu mzima. Ilishinda 12, ikawafunga Notre Dame 17 kwa 10 katika mechi ya Sugar Bowl tarehe 1 Januari 1981, ikawa bingwa wa taifa. Katika msimu huo huo, mjini Jacksonville, walikuwa nyuma kwa Florida pointi 21 kwa 20 ikiwa imebaki dakika moja na ushee, wakiwa ndani kabisa ya eneo lao, na mchezaji wao Buck Belue akampasia mwenzake Lindsay Scott mpira uliokwenda yadi 93 hadi mwisho. Munson alivunja kiti chake kibandani kwa furaha, akawaambia wasikilizaji papo hapo hewani kwamba amevunja kiti.

Kama mashabiki wa 1980 wangeihukumu timu yao kwa robo ya kwanza ya Knoxville, wangeiandikia msiba. Wahenga wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi. Nyota ya Georgia ya mwaka ule haikuonekana asubuhi, na haikuonekana mchana.

Sasa nije kwenye chanzo, maana hapa ndipo ninapotofautiana na walalamikaji.

Ukiwauliza wengi wao kwa nini timu inachelewa, jibu ni moyo. Vijana hawana njaa. Wamevimba kichwa. Kocha hawaamshi. Wanadhani jezi itawafungia. Nalisikia jibu hilo kila msimu, na kila msimu linanipa shida ile ile: kama hawana njaa saa ya kwanza, njaa ya saa ya tatu wanaitoa wapi? Moyo wa mtu hauko dhaifu robo ya kwanza ukawa wa simba robo ya nne, wiki baada ya wiki. Na lipo jambo jingine. Timu ile ile iliyokuwa nyuma 28 kwa bila pale Tuscaloosa, wiki tatu baadaye ilikwenda Austin, kwa Texas walioshika namba moja nchini wakati ule, na hadi mapumziko Georgia walikuwa mbele 23 kwa bila. Kocha yule yule, vijana wale wale. Nani aliwapa moyo katikati ya wiki tatu hizo?

Mimi naona mambo mengine kabisa.

La kwanza ni mpango wa mwanzo. Tangu enzi za Bill Walsh, kocha aliyeijenga San Francisco katika ligi ya kulipwa, imekuwa desturi ya makocha kuandika mapema michezo ya kufungulia mechi, 15 au zaidi, na kuifanyia mazoezi wiki nzima. Kwa hiyo robo ya kwanza ni mtihani wa karatasi dhidi ya karatasi. Na timu inayokwenda kucheza na Georgia haiendi na karatasi ya kawaida. Mechi hiyo kwao ndiyo mechi ya mwaka. Kitu walichokificha mwezi mzima wanakitoa siku hiyo: mpangilio mpya, pasi ya hila, mchezaji aliyehamishwa nafasi. Kocha wa Georgia, Kirby Smart, ni mtu wa ulinzi kwa malezi. Alikuwa msimamizi wa ulinzi wa Alabama chini ya Nick Saban kabla ya kurudi mwaka 2016 kuifundisha timu aliyoichezea mwenyewe ujanani. Ulinzi wake una kanuni nyingi, na unataka mlinzi akisome kwanza anachokiona kisha aamue. Ukimwonyesha kitu asichowahi kukiona, lazima akione mara moja au mbili kabla hajakijua. Mara moja au mbili, kwa hesabu ile niliyowaambia mshike, ni robo nzima ya kwanza.

La pili ni uchache wenyewe wa zamu hizo. Zamu tatu kwa mechi, mechi 12 za kawaida kwa msimu: jumla ni zamu 36 hivi. Mpira mmoja uliodondoka mkononi, adhabu moja ya yadi 10, mkwaju mmoja uliogonga nguzo, na taswira ya mwanzo mzima wa mechi imegeuka. Tunajenga hoja nzito juu ya vitu vichache mno. Wachezaji wa dhumna na karata wanalijua hili vizuri kuliko wachambuzi wa michezo: mkono mbaya mara tatu haumaanishi kwamba mchezaji amesahau kucheza.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa zaidi, nalo halisemwi vya kutosha. Nguvu ya Georgia iko kwenye wingi wa watu. Kwa miaka mingi chuo hiki kimekuwa miongoni mwa vinavyosajili vijana bora kuliko wote nchini, na faida ya usajili huo haionekani kwa wale 11 wa kwanza tu. Inaonekana kwa wa 15, wa 20, wa 25. Dakika ya tano, mpinzani naye ana watu 11 wenye afya, miguu mibichi, pumzi tele, na pengo kati ya timu mbili ni dogo. Dakika ya 50, mpinzani amechoka, walinzi wake wa mbele wanashika viuno, wakati Georgia inaingiza kijana mwingine wa kilo 140 ambaye hajacheza hata nusu ya mechi. Pengo linafunguka. Mashabiki wa Georgia wanalijua hilo bila kuambiwa: robo ya tatu inapokwisha huinua vidole vinne juu, na usiku huwasha taa za simu uwanja mzima huku bendi ya chuo ikipiga. Wanaisherehekea robo ya nne kwa sababu wanajua ni yao. Timu iliyojengwa kuishinda robo ya nne, lazima robo yake ya kwanza ionekane hafifu ukiilinganisha.

Hapo sasa mtu ataniuliza: kama ni hivyo, kwa nini unasema wana sababu ya kuhofu?

Kwa sababu kuna wapinzani ambao na wao wana watu 25. Kuwa nyuma kwa South Carolina ni deni linalolipika. Kuwa nyuma kwa Alabama ni deni lenye riba. Pointi za robo ya kwanza zina thamani sawa na za robo ya nne, lakini zinabadilisha mchezo mzima unaofuata. Timu iliyo nyuma kwa pointi 28 haiwezi tena kukimbia na mpira taratibu, kumchosha mpinzani, na kula saa, na hiyo ndiyo kazi ambayo Georgia imejengwa kuifanya. Inalazimika kupiga pasi kila mara, na anayepiga pasi kila mara hunaswa. Usiku ule wa Tuscaloosa, kwotabeki wa Georgia, yaani mrusha pasi wao, Carson Beck, alipiga pasi za yadi 439, hesabu ambayo siku nyingine ingemletea sifa nchi nzima. Pasi zake tatu zilinaswa na wapinzani. Alicheza vizuri sana mchezo ambao timu yake haikutaka kuucheza.

Na bahati nayo ina mwisho. Tarehe 31 Desemba 2022, mjini Atlanta, katika nusu fainali ya taifa, Georgia waliingia robo ya nne wakiwa nyuma ya Ohio State 38 kwa 24. Stetson Bennett, kijana aliyeanza chuoni bila hata ufadhili wa michezo, akawarudisha hadi 42 kwa 41, na mkwaju wa mwisho wa Ohio State wa yadi 50 ukaenda kombo wakati saa inagonga usiku wa manane na mwaka mpya unaingia. Siku tisa baadaye Georgia waliwafunga TCU 65 kwa 7 wakachukua ubingwa. Kama mkwaju ule ungenyooka, leo ubingwa wa pili usingekuwepo. Kwa hiyo anayewaambia mashabiki watulie, eti timu itarudi tu, anawadanganya. Hurudi mara nyingi. Tuscaloosa ilirudi, na bado ikashindwa. Na katika robo fainali ya taifa, mechi ya Sugar Bowl ya Januari 2025, Notre Dame walipata pointi 17 katika muda usiofika dakika moja kabla na baada ya mapumziko, na Georgia hawakuinuka tena. Ikaisha 23 kwa 10.

Lipo jambo linalonikera zaidi katika mazungumzo haya, na nitalisema bila kuzunguka. Fedha zimeingia kwa nguvu katika futiboli ya vyuo. Mwaka 2024 mshahara wa Smart ulifika dola milioni 13 kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kiwango cha juu kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza kiliwekwa kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Mimi nafurahi vijana wanalipwa. Walivuja jasho miongo mingi wakati wengine wakineemeka. Lakini baadhi ya mashabiki wamechukua malipo hayo kuwa leseni ya kutukana. Kijana akiudondosha mpira robo ya kwanza, anaambiwa arudishe fedha. Kamari imezidisha: katika majimbo mengi ya Marekani mtu anaweza kuweka dau kwa nusu ya kwanza peke yake, hata kwa mchezaji mmoja mmoja, na aliyepoteza dau hamtafuti kocha, anamtafuta kijana kwenye simu yake usiku ule ule. Mwaka 2024 rais wa chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Charlie Baker, aliyaomba majimbo yapige marufuku dau zinazomlenga mchezaji mmoja wa chuo. Ombi hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Umri haukubadilika kwa sababu ya malipo. Yule aliyeachwa na Ryan Williams pembeni mwa uwanja ni mwanafunzi. Siku inayofuata ana kitabu cha kusoma.

Basi kama si matusi, shabiki ana nini cha kufanya? Anacho, na katika mchezo huu anacho kuliko michezo mingi.

Kelele katika futiboli ya Kimarekani ni silaha ya kweli. Timu inayoshambulia inategemea sauti ya kwotabeki wake ili wote waondoke pamoja. Uwanja ukipiga kelele, sauti hiyo haisikiki, mchezaji mmoja anajongea kabla ya wakati, na timu inarudishwa yadi tano. Tarehe 2 Oktoba 2021 Arkansas, walioshika nafasi ya nane nchini, walikuja Athens kwa mechi ya saa sita mchana. Mechi za saa hiyo zina tabia moja: watu wako nje bado kando ya magari, nyama iko jikoni, na robo ya kwanza inachezwa mbele ya viti vitupu. Wiki ile Smart aliwaomba mashabiki waingie mapema, nao wakaingia. Uwanja ulijaa kabla ya mpira wa kwanza. Arkansas walianza kuadhibiwa kwa kuondoka kabla ya wakati katika zamu yao ya kwanza kabisa. Robo ya kwanza iliisha Georgia 21, Arkansas bila. Mechi iliisha 37 kwa bila, na mwisho wa msimu huo Georgia wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu ule mwaka wa Herschel Walker.

Kwa hiyo ninyi mtakaokuwa Athens Jumamosi ya mechi, pamoja na ndugu zetu wa Marietta na Clarkston mtakaopata tiketi: zimeni majiko nusu saa kabla, ingieni, simameni, na pigeni kelele kuanzia mpira wa kwanza wa wageni, si kuanzia robo ya nne. Na kijana wa miaka 19 akiudondosha mpira katika zamu ya kwanza, mwacheni acheze zamu ya pili.